Somo Avuka Horohoro

Kinondo, mwanamke akitaka kuoza binti yake huuliza kwanza kama Mwanafatuma ana nafasi. Mpishi na viti vitatafutwa baadaye. Mwari aliyesuguliwa mwili kwa singo ya Mwanafatuma huingia ndani akinukia, na akitoka baada ya fungate bado ananukia. Mwenyewe husaga kijiti cha liwa kwenye jiwe, akachanganya na unga wa dalia, karafuu na waridi kavu, wala hapimi kwa kijiko. Hoteli moja ya Galu iliwahi kumtuma mtu kumwuliza anachanganya nini. Alimwuzia kopo moja, siri akabaki nayo.

Shule hakuiona. Jina lake likiandikwa hulitambua, kama mtu anavyomtambua mbuzi wake katikati ya kundi, basi. Yaliyobaki husomewa. Na mtu wa kusomewa humwamini anayemsomea.

Aliyekuwa akimsomea ni mumewe, Ubeid. Alimwoa wakati akihudumu mezani katika hoteli ya Diani, kisha akapata kazi Kanada, akaenda. Alipotulia huko akapeleka ombi serikalini la kumchukua mkewe. Ombi likapokelewa, likakaa. Siku lilipopokelewa Ubeid alipiga simu akasema, "Tangu leo usivuke mpaka. Hata Tanga usiende. Wakijua umetoka nchini na ombi liko mezani kwao, watalitupa."

Sasa, kwa watu wa Kinondo na Msambweni, Tanga si ng'ambo. Ng'ambo ni Ulaya. Tanga ni kwa shangazi, ni mahali watu huenda kuzika na kuoza kisha wakarudi kulala kwao. Twaiba, mdogo wake Mwanafatuma, ameolewa huko, na baba yao alipozeeka akahamia kwa Twaiba. Lakini mume amesema, na mume ndiye aliyesoma karatasi. Mwanafatuma akatii.

Baba alipofariki, Mwanafatuma alikuwa ameshavaa buibui, anatafuta viatu, Ubeid akapiga simu. "Umesahau nilivyokwambia?"

Akavua buibui. Baba yake alizikwa mwendo wa asubuhi moja kutoka pale alipoketi, na yeye alichokipata ni simu ya Twaiba iliyowekwa dirishani: wanaume wakitoka na jeneza, tahalili ikienda mbali, mpaka ikaisha. Hilo alilimeza. Waliomjia kumpa pole aliwaambia kwa kichwa kilichoinuka, "Mimi nina ombi Kanada." Aliona ni heshima. Alikuwa amefungwa kamba, akaiita mkufu.

Ndipo Twaiba akapiga simu nyingine, hii ya furaha. Binti yake, Hafsa, ameposwa, na nikahi ni mwezi wa Mfungo Sita.

"Anamwuliza somo wake," Twaiba akasema.

Somo ni Mwanafatuma. Hafsa alipovunja ungo, ni yeye aliyemweka ndani akamfunza ya kike, akamwekea mkono kichwani na kumwahidi: siku ya nikahi yako nitakuwa mlangoni mwako, na sitaondoka mpaka fungate ikatike. Ahadi ya namna hiyo haina mtu wa kuishikia. Akiingia mwingine, watu watasema somo amekufa, au amemkana mwari wake.

"Mwambie..." Mwanafatuma akasita.

"Dada, nisikuzungushe. Mawifi zangu wana mtu wao wa kumpamba Hafsa, mwanamke wa Chumbageni. Wanasema wewe siku hizi ni mtu wa Kanada."

Simu ilipokatika, Mwanafatuma hakulia. Alijifunga leso ya pili juu ya ile ya kwanza akashuka Ukunda, kopo la singo mkononi, kwa Faith, msichana wa bara mwenye duka la kompyuta. Kwa mara ya kwanza alitaka kusomewa na mtu asiyekuwa mumewe.

"Mama, nani alikushow huwezi travel?" Faith akauliza.

"Mume wangu."

"Kwani huyo mume ameajiriwa embassy?"

"Aa. Yeye huendesha lori la maziwa."

Faith alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akageukia kompyuta. Alisoma, akashuka chini, akasoma tena. "Hakuna place wamekataza. Wewe unaishi Kenya, unangoja ukiwa Kenya, unaweza enda kutembea urudi. Wanachotaka ni wakikuita wakupate, na wakiuliza ulienda wapi useme ukweli."

"Sheria hiyo ni mpya?"

"Si mpya, mama."

"Soma tena."

Faith akasoma tena, polepole, na mara hii hakuchanganya lugha. Mwanafatuma alisikiliza mpaka mwisho huku amelishika kopo lake la singo kwa mikono miwili. Alikuwa akisikia tahalili ile ikienda mbali.

Pasi yake haikuwa mkononi mwake. Ubeid aliagiza ihifadhiwe katika sanduku la mama yake, Bi Ummulkheir, ambaye Mwanafatuma ndiye anayemtunza nyumbani. Alimkuta mkwewe ukumbini anachagua mchele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekawia, na mimi tumbo linanguruma."

"Naomba ufunguo wa sanduku. Nataka pasi yangu, nakwenda Tanga kumpamba Hafsa na kumtoa."

"Na ombi?"

"Ombi halina ugomvi na Tanga. Nimesomewa."

Bikizee aliinamia ungo kana kwamba mchele wote umegeuka mawe. Mwanafatuma akaketi mkekani, mbele yake. "Mama, ulikuwa ukijua?"

"Aliniambia, nikimwachia njia ya Tanga hatakaa. Kwao ni kule. Nani atakupikia?" Bi Ummulkheir hakuinua macho. "Nikanyamaza. Nimekula chakula chako, nimenyamaza."

"Hata siku ya baba yangu?"

"Hata siku hiyo."

Wako wanawake ambao wangepindua ungo ule, na hakuna ambaye angewalaumu. Mwanafatuma alichukua mchele, akamaliza kuuchagua, akaupika, akaupakua. Alipomwekea mkwewe sahani alisema, "Huu ndio wa mwisho mpaka nirudi."

Bi Ummulkheir alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo. "Nusra atakuja kunipikia," akasema. Nusra ni binti yake, dada wa Ubeid. "Huunguza wali yule mtoto. Lakini nitaula."

Zamani Mwanafatuma, kama wengi wa huko, alipita njia za mashambani bila kumwona askari. Safari hii alikwenda hadi kituo cha mpakani Horohoro, ambako maafisa wa nchi mbili wamekaa bega kwa bega, akasimama kwenye foleni ya watu wenye pasi. Walimfungulia mkoba, na harufu ya singo ikajaa chumba kizima mpaka watu wa foleni wakageuka.

"Unakwenda kufanya nini Tanzania, mama?" afisa akauliza.

"Kumtoa mwari wangu."

"Wewe ni nani wake?"

"Somo wake."

Afisa akatabasamu, akachukua mhuri.

"Ugonge vizuri, baba, uonekane. Nitakuja kuulizwa."

Tanga alikuta yule mwanamke wa Chumbageni ameshatandaza sanduku lake la rangi chumbani kwa mwari. Mawifi wa Twaiba wameketi kitandani, na mkubwa wao akamwangalia mgeni kuanzia viatu. "Karibu. Sisi tulisikia unangoja ndege."

"Acha ndege nayo iningoje," Mwanafatuma akajibu. "Nipisheni nimwone mwanangu."

Wanawake wakacheka, na Hafsa akawapenya wote, akamkumbatia somo wake. Mwanamke wa Chumbageni alikuwa mtu mwenye akili. Alinusa kopo lililofunguliwa, akafunga sanduku lake, akasema, "Mimi nitamtia wanja tu. Mwili ni wako, bibi."

Mwanafatuma akamsugua Hafsa kuanzia shingo mpaka nyayo, akamfukiza udi, akampaka hina, na siku ya kutolewa nje akamshika mkono akamtembeza mbele ya wanawake wa Tanga. Wakubwa waliinuka wenyewe kumtunza mwari kwa noti, na walipomaliza wakamtunza somo. Mkubwa wa mawifi alimbandika noti kwenye paji la uso akamwambia, "Umetunyamazisha." Mwanafatuma alikuwa akitazama mlango ambao jeneza la baba yake lilitokea, akawa anamwambia moyoni, nimekuja.

Fungate ilikuwa katikati, yeye mlangoni kwa maharusi na mikono yake ya manjano kwa dalia, Ubeid alipopiga simu.

"Uko wapi? Nasikia ngoma."

"Niko Tanga. Kwenye fungate ya Hafsa."

"Mwanafatuma, unajua ulichofanya? Leo wametuma barua. Wanakuita Nairobi ukapimwe afya. Unaona sasa? Rudi leo hii."

Moyo wake ulishtuka, hilo haliwezi kufichwa. Miaka yote alikuwa akiingoja barua hiyo. Aliketi kizingitini. Kisha akauliza jambo ambalo hakuwahi kumwuliza mumewe, kwa kuwa siku zote alimngoja amwambie.

"Wamenipa muda gani?"

Ubeid akakohoa. "Muda wao si wa kuchezea."

"Nisomee walivyoandika."

"Mwezi mmoja," akasema mwishowe.

"Basi nitamaliza fungate, nipumzike, ndio nije nipimwe."

"Nikilifuta hilo ombi?"

"Lifute. Kanada nitakwenda kwa kuwa nimeitwa, si kwa kuwa nimefungwa. Na siku tukionana utanieleza kuhusu baba yangu. Simuni sitaki."

Akakata. Akaitia simu kwenye pindo la leso, akarudi kwa Hafsa.

Ubeid hakulifuta. Mwanafatuma alimaliza fungate mpaka mwisho wake, akapewa leso za heshima, akarudi kwa njia ile ile na kugongewa mhuri wa pili. Alikwenda Nairobi akapimwa. Alipoulizwa kama ametoka nchini, alisema ndiyo, Tanga, kwa arusi ya mtoto wa ndugu yangu, akaifungua pasi pale pale kwenye mihuri. Hakuna aliyeinua kichwa.

Pasi iliporudi ikiwa na viza, alikwenda kumwonyesha Bi Ummulkheir. Bikizee aliishika pasi, akaigeuza, akaitazama viza kwenye mwanga. Mwanafatuma akageuza ukurasa mwingine. "Na hizi hapa ni za Horohoro." Hizo ndizo alizotaka zitazamwe.

Sanduku likabaki na vitu vya mwenyewe. Pasi sasa hulala chini ya jiwe lake la liwa.

Jioni hiyo Ubeid alipiga simu, sauti yake laini. "Nimepata tiketi. Ijumaa."

"Ijumaa nina mwari Msambweni."

"Mwanafatuma."

"Nimeshaahidi. Tafuta siku nyingine."

Akaweka simu chini, akarudi kusaga karafuu. Naye Ubeid akatafuta siku nyingine.