Siku Niliyoitwa Mwekezaji

Aibu hii nimekaa nayo miaka mingi, na hata leo nikikutana sokoni na mtu wa kule Nkoaranga huwa naangalia kwanza kama ni wa umri wa kunikumbuka, maana akinikumbuka tu atacheka mpaka ashike ukuta. Basi bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine wakaongeza chumvi (ingawa kusema kweli ilishakolea, haina pa kuongezwa).

Wakati ule nilikuwa na studio ndogo Kijenge. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara zimeachiwa huru, mitumba imejaa, kila duka lina redio mpya inapiga kelele, na mjini zimefunguliwa studio za picha za rangi, unaacha mkanda asubuhi na mchana unachukua picha zako. Mimi na picha zangu nyeusi na nyeupe tukabaki na wateja wa paspoti tu. Nikawa na muda mwingi, na mtu mwenye muda mwingi ni hatari. Nikaitoa kabatini kamera kubwa aliyoniachia mwalimu aliyenifunza kazi, ile ya boksi yenye macho mawili, unaining'iniza kifuani halafu unainamia kioo chake cha juu kama unachungulia kisima. Mkanda wake ni picha kumi na mbili tu, lakini ukizisafisha, jamani, unaweza kuhesabu misumari kwenye bati.

Nikaanza kupiga picha viwanda vilivyofungwa. Mama yangu alinishangaa. "Aikande, wenzako wanapiga harusi, wewe unapiga kutu?" Lakini viwanda vilikuwa vinauzwa kimoja kimoja, vingine mashine zake zinakatwa na kupakiwa kama chuma chakavu, na mimi ni binti wa fundi mitambo, nimelelewa kwenye harufu ya grisi, nikaona walau mtu mmoja avipige picha kabla havijaondoka.

Sasa chini ya Nkoaranga, bondeni, kulikuwa na kiwanda kidogo cha kukoboa kahawa, kimefungwa miaka kadhaa. Shemeji yangu alikuwa dereva wa watalii, na Jumatatu hiyo alikuwa anakwenda Momela, mbugani, kuchukua wageni, akanipa lifti na kunishusha mbele ya geti. Gari lenyewe jeupe, refu, linang'aa. Mimi nimevaa suruali ya kaki ya mtumba, kofia pana na miwani ya jua, begani nimebeba stendi ya miguu mitatu. Najieleza hivi ili muone kwamba yule mlinzi hakuwa mjinga.

"Shikamoo baba," nikamwambia.

"Marahaba mama, karibu sana." Akasimama wima kabisa. "Tuliambiwa mtakuja wiki hii. Wewe ndiye wa mwekezaji?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, hapana, hata mtoto analijua. Lakini nikafikiria habari ya kibali, nikafikiria barua, nikafikiria nirudi mjini mikono mitupu, ulimi ukateleza: "Nimekuja kuangalia mashine." Sikudanganya, si ndiyo? (Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na shetani alikubaliana na mimi kwa moyo wote.)

Geti likafunguliwa pande zote mbili.

Ndani nikasahau dhambi zangu. Mwanga ulikuwa unaingia kwenye matundu ya bati na kushuka juu ya injini ya dizeli yenye gurudumu kubwa kuliko mimi, mikanda ya ngozi bado inaning'inia, na meza ndefu za wanawake waliokuwa wakichambua kahawa zimepangwa kama madawati ya shule. Nikapiga picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilipoinua kichwa kwa picha ya nne, mlangoni kulikuwa na watu.

Mlinzi alikuwa ametuma habari. Walikuwa wanashuka kwenye njia za migombani kwa makundi, akina mama wamejifunga vitenge vya kanisani, wanaume wamevaa makoti, siku ya Jumatatu! Mbele yao alikuwa Mama Nsia, mwanamke mrefu aliyekuwa msimamizi wa wachambuaji, na nyuma yake mtu mwembamba mkimya aitwaye Kaanaeli, fundi wa ile injini. Wakaimba kwanza. Wimbo wa kwaya, sauti nne, na mimi nimesimama na kamera kifuani, jasho linanitiririka mpaka kiunoni.

"Tunamshukuru Mungu aliyekuleta," akasema Mama Nsia. "Sisi hatuombi cha bure. Tunaomba kazi yetu tu. Je, tunaanza lini?"

Ningesema ukweli wakati ule ningepona. Badala yake nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Mungu akipenda, karibuni." Vigelegele vilivyopigwa hapo, nadhani vilisikika mpaka hospitali ya Nkoaranga kule juu. Mama mmoja akalia. Nikatamani ardhi ipasuke, na sijui nani alimwomba Mungu anijibu haraka namna ile.

Maana Kaanaeli akajitokeza, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, watu wanasema injini imekufa. Haijafa." Kumbe kila Jumamosi, miaka yote ile, mlinzi alikuwa anamfungulia, naye anaingia na kopo lake la grisi na tambara, anaifuta, anaizungusha kwa mkono isishike kutu, hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Akamimina dizeli kutoka kwenye kidumu, vijana wanne wakashika gurudumu, wakalisukuma mara moja, mara mbili, injini ikakohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena, halafu ikashika! Paa lote likatetemeka, vumbi la makapi ya kahawa likatushukia kama mvua, watu wakapiga kelele za furaha.

Nami nikataka picha hiyo. Gurudumu linazunguka, Kaanaeli amesimama kando yake, nyuso zote zinacheka. Lakini hawaenei kwenye kioo. Nikarudi nyuma hatua moja, macho yangu chini kwenye kamera. Bado hawajaenea. Hatua nyingine. "Mama, angalia!" akapiga kelele mlinzi. Nikadhani ananiambia niangalie injini. Nikarudi hatua ya tatu, nikatoka kwenye mlango wa nyuma, nikatumbukia chali kwenye tangi la kuoshea kahawa.

Lilikuwa limejaa maji ya mvua, kijani kibichi, na vyura. Nilizama mwili mzima isipokuwa mikono miwili iliyoshika kamera juu. (Waliokuwepo wanasema ilionekana kama kamera inajipiga picha yenyewe.) Nilipoibuka, kofia imekwenda, miwani imekwenda, majani yananing'inia masikioni, na pembeni ya tangi wamesimama watu wawili nisiowajua, mmoja ameshika faili.

"Huyu ni nani?" akauliza mwenye faili.

"Ni mwekezaji," mlinzi akajibu kwa fahari.

"Haiwezekani. Mimi ndiye mhandisi wa mwekezaji."

Injini ilikuwa bado inanguruma ndani. Watu wote waliniangalia. Nikasema nikiwa mle mle ndani ya maji, "Mimi ni mpiga picha. Nina studio Kijenge. Naombeni mnisamehe."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Mama Nsia aliinama, akanipa mkono, akanivuta mpaka nje, akafungua kitenge chake cha juu akanifunga nacho. Halafu akanikazia macho. "Mbona hukusema, mwanangu? Picha tungekuacha upige. Lakini yule mama amelia kwa sababu yako." Nikalia na mimi, kamasi na majani pamoja.

Mhandisi wala hakuwa na habari na machozi yangu. Alikuwa amegeuza sikio kuelekea ndani. "Hiyo injini ni ipi?" akauliza. "Ndiyo hiyo ya zamani?" Akafungua faili, akasoma, akaifunga. Kumbe karatasi zake zilisema injini ni mbovu, iuzwe kama chuma chakavu, na majengo yabaki ghala. Siku ile alikuja kukamilisha hayo tu. Akaingia, akaizunguka injini mara tatu, akaweka kiganja juu yake kama daktari, halafu akamwuliza Kaanaeli maswali zaidi ya saa nzima. Kaanaeli, mtu wa maneno machache, siku hiyo aliongea kuliko mchungaji.

Walipoondoka hawakuahidi kitu. Mhandisi aliniambia tu nimpelekee picha za mashine azitie kwenye ripoti yake. Mama Nsia akasema picha zilizobaki kwenye mkanda ni faini yangu, niwapige wao, kila kundi mahali pake pa kazi. Nikawapiga nikiwa nimefungwa kitenge, nanuka vyura, na hapo sasa ndipo walipocheka, walicheka mpaka picha moja ikatoka imetikisika.

Msimu wa kahawa uliofuata kile kiwanda kilifunguliwa. Si wote waliorudi, nisiwadanganye tena, hawakufika hata nusu. Lakini Kaanaeli alirudi kwenye injini yake, na Mama Nsia kwenye meza zake, na yule mama aliyelia alikuwa wa kwanza kuandikwa jina. Waliniita siku ya ufunguzi. Mlinzi alinifungulia upande mmoja tu wa geti, akaniuliza kwa sauti kila mtu asikie, "Na leo wewe ni nani?"

Tangu hapo nimeapa. Nikifika mahali popote, hata kabla ya salamu kuisha, nasema jina langu, kazi yangu, na kwamba sina cheo wala ahadi kwa mtu. Wakikataa kunifungulia, napiga picha ya geti na kurudi zangu nyumbani mkavu.