Siku Niliyofumbua Wimbo wa Mto Ukweni

Aibu hii nimeificha miaka mingi, hata mke wangu akianza kuisimulia mbele za watu nilikuwa natoka nje kujifanya naangalia mbuzi (mbuzi sina), lakini kwa kuwa wengi wenu mmeshaisikia ikiwa imeongezwa chumvi, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha kanda sokoni Ifakara, narekodi nyimbo za dansi, hasa zile za zamani, na mteja akinunua kanda nampa na maana ya wimbo bure. Ugonjwa wangu ulianzia hapo. Kwangu mimi hakuna mwanamuziki aliyewahi kuimba kuku akamaanisha kuku. Kuku ni nyumba ndogo, baiskeli ni cheo, mvua ni bosi anayepunguza watu kazini, na ukinibishia nakutazama kwa huruma kama mtu asiyekwenda shule (mimi mwenyewe niliishia la saba). Vijana wakaniita Profesa, na mimi nikaitika.

Basi nikampenda Felista, binti wa Mzee Gervas wa Lumemo, mkulima wa mpunga na mwenyekiti wa tawi la chama tawala. Siku ya kwenda kujitambulisha nikaongozana na shangazi yangu Yustina, ambaye njiani alinisimamisha akaniambia, "Huko wewe ni shikamoo na asante, basi. Maneno niachie mimi." Nikakubali kabisa. Ila mfukoni nilikuwa na kanda ya zawadi kwa mkwe, maana nilisikia anapenda muziki wa zamani, na kanda ile ndiyo iliyonimaliza.

Tulipokelewa vizuri. Sebuleni alikuwepo Mzee Gervas, mkewe Mama Felista, na katekista wao Mzee Kanuti, rafiki wa siku nyingi wa nyumba ile aliyeitwa kusimamia mazungumzo. Wali na samaki vinanukia kutoka jikoni, shangazi anaongea kwa adabu, mambo yanakwenda. Mzee Gervas akaiweka kanda yangu kwenye redio, na wimbo wa kwanza ukawa ule ambao jamaa anamwambia mwanamke kwamba mto umejaa, leo hawezi kuvuka, amtunzie mkeka wake, maji yakipungua atakuja.

"Wimbo mzuri huu," akasema Mzee Gervas. "Unanikumbusha mafuriko."

Ningesema asante, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikakohoa kidogo, kama mtu anayeanza hotuba, nikasema, "Mzee, huo mto si mto."

Shangazi akanikanyaga. Nikadhani ni bahati mbaya, nikausogeza mguu.

"Ni nini?" akauliza mzee.

"Ni mume wa huyo mwanamke. Mto umejaa, maana yake mume yupo nyumbani. Maji yakipungua, yaani mume akienda shamba la mbali huko, jamaa anavuka."

"Na mkeka?" Aliuliza taratibu sana, na mtu mwenye akili zake angeusikia ule utaratibu, lakini mimi nilidhani nimepata mwanafunzi.

"Mkeka siwezi kuufafanua mbele ya wakubwa, mzee, ila si wa kukalia."

Mzee Gervas akamgeukia katekista. "Kanuti, si ndio wimbo huu uliomtumia mke wangu kwenye salamu za redio, mwaka ule niliokaa shambani kule Mbingu msimu mzima nalinda mpunga?"

Katekista akaweka kikombe chini. "Niliwatumia nyote, Gervas. Na mto wetu Lumemo ulikuwa umejaa kweli, nikashindwa kuvuka kuja kusali na jumuiya."

"Jina langu sikulisikia."

"Na mkeka niliuacha hapa kweli," akasema katekista wa watu, akidhani anajitetea. "Ule wa jumuiya."

Nikaona moto niliouwasha, nikaamua kuuzima, na nikauzima kwa petroli. Nikasema kwamba wataalamu wengine (wataalamu gani, nilikuwa peke yangu) wanaona mto ule ni chama tawala, umejaa viongozi wazee, na wananchi wanasubiri maji yapungue wavuke kwenda vyama vingine.

"Kwa hiyo," akasema Mzee Gervas, "mimi nikiwa mume ni mto, na nikiwa mwenyekiti ni mto."

Nikamwambia labda mto ni mto tu.

"Umechelewa, bwana."

Mama Felista akainuka, akazima redio, akaichomoa kanda na kuniwekea mapajani. Akamtazama mumewe akasema, "Miaka yote hiyo umekaa na hilo moyoni, ukasubiri muuza kanda aje akuamulie?" Akaingia ndani. Wali hatukuula. Njia nzima shangazi alitembea hatua kumi mbele yangu, na heri angenitukana.

Habari ikafika sokoni kabla yetu. Kesho yake wanaume wakaanza kuja kibandani, mmoja mmoja, kuniuliza maana ya nyimbo wanazoimba wake zao wakiosha vyombo. Wanawake wakaacha kununua kanda kwangu. Katekista nikimwamkia anaitikia huku anavuka barabara. Na huko Lumemo Mama Felista alimwambia mumewe kwamba hatampikia mpaka aombe msamaha, mbele ya katekista yule yule, na mzee alijipikia ugali mbichi mpaka siku alipoomba.

Ndipo Felista akaja kibandani. Mimi nilishajua ni kuagana.

"Mama anasema utanioa, maana bila wewe baba angekufa na lile la moyoni," akasema. "Lakini harusini hataki wimbo wenye maneno."

Tukaoana kwa matarumbeta. Watu wakacheza kutoka kanisani hadi nyumbani, katekista mbele, Mama Felista nyuma yake na kanga kiunoni. Mzee Gervas akanisogelea, akaniuliza sikioni, kwa sauti ile ile ya taratibu, "Na huu, bwana, unasemaje?"

Nikamwambia, "Sijui, baba."

Akanishika mkono, tukacheza. Na tangu siku hiyo, mtu akiniuliza maana ya wimbo wowote, hilo ndilo jibu langu, hata kama naijua.