Nani Kamwambia Bibi Mkubwa?

Binti yangu alipopiga simu kutoka Japani kuniarifu kwamba anakuja na mtoto, na kwamba safari hii haji kututembelea tu bali anakuja kuangalia kama wanaweza kuhamia, nilifunga mlango wa ofisi yangu chuoni nikakaa peke yangu na furaha ambayo sikutaka mtu aione. Mjukuu wangu alikuwa amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza. Huko mwaka wa masomo hufunguliwa Aprili, kwa hiyo ilikuwa lazima mama yake aamue kabla ya hapo: ama mtoto asome katika mji wanaoishi, karibu na Nagoya, ama asome hapa Ibra, Omani, chini ya macho yangu. Mumewe, Mjapani aliyesilimu kabla ya kumwoa, ni fundi wa mitambo na mtu wa maneno machache. Yeye alisema atatafuta kazi popote mtoto atakapokuwa na raha. Mimi nilikwenda katika skuli iliyo nyuma ya mtaa wetu nikaomba tuwekewe nafasi, kisha nikapaka rangi chumba ambacho binti yangu alikulia.

Nimewahi kukaa Japani mara moja, mtoto alipozaliwa, na sina neno baya la kuwasemea watu wa huko. Waliniinamia, walinielekeza njia, na bibi mmoja wa nyumba ya jirani aliniletea figili alizozipanda kwa mkono wake. Lakini niliona pia jinsi binti yangu, aliyesomea chuo kikuu huko na anayeiandika lugha yao kwa hati ya kupendeza, alivyosifiwa dukani kwa kujua kusema asante, kisha akaulizwa kwa upole mkubwa ni lini anarejea nchini mwake. Katika jengo lao walipanga Wafilipino, vijana wa Kivietnam wanaofanya kazi viwandani, na familia za Kibrazili ambazo mababu zao walikuwa Wajapani waliohamia Brazili kulima kahawa. Wajukuu wamerudi katika nchi ya mababu na sura za Kijapani na ulimi wa Kireno, na wanatazamwa kama watu waliokosea mlango.

"Mama," binti yangu aliniambia siku ile kwenye ngazi, "hawa ndio Wazinjibari wa Japani."

Tulicheka mpaka nikakaa kitako, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa sisi. Wazazi wangu walirudi Omani kutoka Unguja katika miaka ya sabini, nami mtoto mdogo, wakija kwenye ardhi ambayo baba alikariri majina ya mababu zake waliozikwa humo kabla hajaiona. Tulipofika tukaambiwa kwamba Kiarabu chetu kimechacha.

Mjukuu wangu hakuwa hata na safari kama hiyo ya kusimulia. Kazaliwa huko, na Kijapani ndicho anachoota nacho. Siku moja ndani ya basi bi kizee mmoja alizipapasa nywele zake za mawimbi, akamsifu, "Unakijua Kijapani vizuri mno!" Mtoto akamgeukia mama yake kumwuliza kwani ipo lugha nyingine ambayo alipaswa kuijua zaidi. Ndipo binti yangu alipoanza kufikiria kurudi.

Siku waliyofika, mama yangu alikuwa amekaa mlangoni tangu alasiri. Mjukuu wangu humwita Bibi Mkubwa. Ni mzee sasa, miguu imemchoka, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha mjini Unguja cha ujana wake, na nyumbani kwake hatukuthubutu kukivuruga. Alikuwa amefukiza kanga zake kwa udi, na alikuwa hajawahi kumgusa kitukuu wake huyu ila kwenye kioo cha simu. Gari lilipozimwa alinyoosha mikono yote miwili.

"Mgeni wetu kafika! Karibu, mgeni, karibu! Njoo nikunuse, mgeni wangu!"

Mtoto alisimama pale pale. Akainamisha kichwa mpaka nywele zikamfunika uso, akasema polepole, "Samahani."

"Tazameni adabu!" mama akashangilia. "Huyu kafunzwa. Si kama nyinyi, mliokuwa mkiingia kama mbuzi."

Mtoto alivua viatu, akavipanga sawasawa, akaenda kukaa karibu na mlango, mbali na sote.

Tulidhani ni uchovu wa ndege. Lakini kesho yake ikawa vivyo hivyo, na siku zilizofuata. Kwangu alikuja, akanishika mkono, akanisaidia kumwagilia mirehani. Kwa Bibi Mkubwa hakukaribia. Mama aliita kutoka kitandani, "Mgeni wangu kaamka?" na mtoto akajificha nyuma ya mama yake. Sinia ikiandaliwa, mama alimega kinofu cha nguru na kusema, "Mpeni mgeni kwanza," na mtoto akaisukuma sahani na kusema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mimi hapana njaa."

"Hebu niambie kweli," mama aliniuliza siku moja nikimkanda magoti, "nina sura ya jini?"

"Una sura ya malkia, Mama."

"Malkia gani anayekimbiwa? Labda meno haya. Mwambie nitayavua."

Alicheka, lakini aliendelea kuutazama mlango.

Jambo lenyewe lilijulikana njiani. Tulikuwa tumempeleka mtoto Nizwa kuona ngome na mnada wa mbuzi, na alikuwa amefurahi, kwa sababu mbuzi mmoja alimtafuna mkanda wa mfuko. Wakati wa kurudi, tulipokuwa tumekwisha kupita Mudhaibi, aliuliza jambo kwa Kijapani kutoka kiti cha nyuma. Binti yangu alinishika bega. Akaniomba nisimamishe gari. Nikaliegesha pembeni, yeye akashuka akasimama na mgongo wake kwetu. Nilimfuata.

"Kauliza nini?"

"Kauliza nani kamwambia Bibi Mkubwa kwamba yeye ni mgeni."

Sikufahamu. Akanieleza. Zamani kidogo, mtoto alirudi kutoka chekechea na neno ambalo wenzake walikuwa wakimwita, *gaijin*, mtu wa nje, akamwuliza mama yake Kiswahili chake ni nini. Binti yangu alikuwa anakaanga samaki. Akamjibu bila kugeuka kwamba ni mgeni. Kwa Kijapani mtu wa nje ana neno lake, na mtu anayekuja kukutembelea ukamwekea chai ana neno lake jingine, la heshima. Sisi tunalo moja tu, la hayo yote mawili, na hatujapata kuona upungufu ndani yake. Mtoto alilichukua neno lile na maana ile moja aliyopewa. Akasafiri nalo mpaka upande huu wa dunia, akashuka garini, na mtu wa kwanza aliyemfungulia mikono akampokea kwa neno hilo, tena kwa kelele.

Usiku ule tulimweleza mama. Alikuwa anaponda hiliki kinuni. Mchi ukasimama.

"Basi siku zote hizi nikimwita," alisema, "ndiyo nikimfukuza?"

Akasukuma kinu kando.

"Nileteeni huyo mtoto."

Mtoto akaja, ameshika gauni la mama yake. Mama hakumgusa. Alimweleza, na binti yangu akafasiri neno kwa neno, kwamba katika nyumba hii mgeni ni mtu anayepewa kinofu kabla ya mwenye nyumba mwenyewe, anayetandikiwa shuka mpya, anayeongezewa hata akisema ameshiba. Na kwamba yeye Bibi Mkubwa, kila alipotamka neno lile, alikuwa akisema hivyo na wala si jingine. Mtoto alisikiliza na kipaji cha uso kimekunjamana. Kisha akauliza kitu, na mama yake akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Nizwa.

"Anauliza, na yule anayewapa wageni vitu, yeye anaitwaje?"

"Mwenyeji," mama akasema.

Mtoto akalijaribu mdomoni. "Mimi nataka huyo."

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na kelele ambazo sikuzisikia tangu wanangu walipokuwa wadogo. Mama alikokotwa mpaka barazani na kiti chake, akapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Mtoto alifungua, na sinia ya tende mikononi, akasema, "Karibu, mgeni!"

"Tende zenyewe ndizo hizi? Bakhili wewe! Na kahawa?"

"Kahawa bado moto!"

"Basi napita nyumba ya pili."

"Hapana! Kaa kitako!" Alivuta kanga ya Bibi Mkubwa kwa nguvu, na mama alicheka mpaka akakohoa. Alasiri mtoto akalala mapajani mwake. Nilipita ukumbini nikawaona, nikaenda chumbani nikaanza kupanga vitabu vya darasa la kwanza kwenye rafu. Niliamini kwamba mambo yamekwisha kuamuliwa.

Kisha wakaja majirani, kama wajavyo wanawake wa mtaa wetu alasiri, kwa kahawa na matunda. Aliyetangulia kuingia ni mwanamke ninayempenda. Baba alipofariki alitupikia siku zote za matanga, na mama akilazwa hospitali yeye ndiye anayebaki na ufunguo wetu. Mtoto alikuwa amevaa gauni la Kiomani nililomshonesha, kijani lenye nakshi. Alimwendea mlangoni na sinia yake, akainama kidogo kama wafanyavyo huko, akasema kwa sauti safi ya mtu aliyefanya mazoezi, "Karibu, mgeni."

Jirani yetu hajui Kiswahili. Akachukua tende, akampapasa shavu, akanigeukia na kusema kwa Kiarabu, kwa uchangamfu wa kweli, "Mashaallah, mmepata mtumishi mpya wa Kifilipino? Na amekuja na mtoto wake! Mnamfunza kazi mapema."

Mtoto hakufahamu hata neno moja. Alikuwa anamtazama akitabasamu, akingoja aambiwe tende ni tamu.

Mama ndiye aliyejibu, kwa kile Kiarabu chake ambacho mtaa mzima hukiiga kwa mapenzi. "Hiyo damu yangu," alisema. "Binti ya binti ya binti yangu."

Jirani alijipiga kifuani kwa aibu. Alimkumbatia mtoto, akambusu kichwani, akaomba radhi kwangu, kwa mama, kwa binti yangu, akaomba tena. "Nisameheni, wallahi, lakini haonekani! Macho haya, nani angejua?" Na kadiri alivyoomba radhi ndivyo wanawake wengine walivyomgeuza mtoto kwenye mwanga, wakatafuta kwa nia njema ni wapi alipofanana na sisi. Mmoja akapata masikio. Mtoto alianza kuelewa kwamba anatafutwa kitu mwilini. Tabasamu likabaki usoni, lakini mikono ikaishusha sinia.

Binti yangu aliendelea kumimina kahawa mpaka mgeni wa mwisho alipotikisa finjani kuonyesha ametosheka. Hakuna aliyekosewa adabu. Nilimkuta baadaye jikoni, anaziosha finjani zile zile kwa mara ya pili.

"Mama, tutarudi Japani."

"Kwa neno moja la jirani? Unamjua alivyo."

"Namjua. Ni mtu mwema. Angekuwa mbaya ningegombana naye, nikabaki." Alifunga mfereji. "Wa kule nao ni watu wema. Yule bibi wa kwenye basi alikuwa anampa mtoto wangu peremende."

"Basi kama ni sawasawa, kaa na sisi. Hapa ana mimi. Ana Bibi Mkubwa."

"Si sawasawa, Mama. Kule akiulizwa anatoka wapi, anaulizwa kwa lugha anayoweza kujibu nayo. Hapa itabidi kwanza ajifunze lugha ya kuulizwa, ndipo ajifunze ya kujibu. Wakati huo wote atakuwa kimya tu, anatabasamu."

Nilitaka kumwambia kwamba watoto hujifunza upesi. Lakini mwaka wangu wa kwanza katika skuli ya Ibra nilikuwa nikikaa dawati la ukutani, wasichana wakiniuliza kitu kimoja hicho hicho kila asubuhi, wakicheka, nami nikicheka pamoja nao kwa sababu sikujua wanauliza nini. Nilipokuja kujua nilikuwa nimeshacheka mwaka mzima. Binti yangu hajui habari hiyo. Sikuwahi kumsimulia, na jikoni mle sikumsimulia. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha finjani.

Niliwapeleka mwenyewe Maskati, alfajiri. Mama aliwaaga akiwa amekaa. Alisema akisimama ataanguka. Njia nzima mtoto alizungumza. Kiswahili chake kilikuwa kimekua kwa siku zile chache kiasi cha kunitia uchungu.

"Bibi, wewe uje kwetu," alisema tulipokuwa tunaingia mjini. "Kwetu iko mashine ya maji inasema ahsante. Kwetu baba anapika mayai, mabaya. Uje kwetu, mimi nitakuwa mwenyeji."

Alilitamka *kwetu* bila kusita, kama anavyosema maji au mkate. Mama yangu akisema kwetu anakusudia Unguja, baada ya maisha mazima aliyoishi hapa. Mimi, nikitaka kulitumia neno hilo, husimama kwanza nikachagua. Nilimwambia nitakuja. Mama yake alikuwa ametazama dirishani, na hakugeuka mpaka tulipofika.

Niliporudi Ibra jua lilikuwa kali. Mama alikuwa pale pale nilipomwacha, chai yake imepoa kando.

"Mtoto kalia?"

"Hakulia, Mama. Alikuwa na furaha ya kumwona baba yake."

"Alhamdulillahi," alisema. Akavuta upande wa kanga, akajifunika uso, akalia yeye.