Mama Stiki: 'Niliionea gere stiki ya wifi yangu'

Ni saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Yadi ya malori ya maji bado iko kimya, na kwenye lori namba saba vinaonekana viatu viwili tu vya mpira vilivyokanyaga bampa. Mwenye viatu amezama ndani ya boneti hadi kiunoni.

Anapoibuka, mkononi ana kijiti kirefu cha chuma cha kupimia oili ya injini, ambacho hapa yadini kila mtu anakiita stiki. Anaifuta stiki hiyo kwa kipande cha fulana kuukuu, anairudisha kwenye bomba lake, anahesabu hadi tano kwa sauti ya chini, kisha anaichomoa na kuilaza juu ya kiganja.

"Hebu soma," anamwambia mwandishi wa makala haya.

Mwandishi anasoma. Oili inang'aa hadi juu kabisa. Imejaa, hakuna ubishi.

"Geuza."

Upande wa pili oili imeishia katikati.

"Haya, upande upi unasema kweli?" anauliza, na uso wake unaonyesha wazi kwamba swali hili ameshawaumbua nalo watu wengi. "Ni huu wenye oili kidogo. Ule mwingine umejipaka tu kwenye ukuta wa bomba wakati stiki inatoka. Watu wanaua injini hapo hapo. Wanaona upande unaowafurahisha, wanafunga boneti, wanaondoka."

Ana miaka arobaini na minne, mfupi wa kimo, na kwa miaka kumi na sita kazi yake imekuwa kupima oili na maji ya injini kabla madereva hawajafika. Yadi ina malori kumi na moja ya zamani na sita mapya. Jina lake lipo kwenye kitambulisho tu, maana kila mtu hapa, kuanzia bosi hadi mlinzi wa getini, anamwita Mama Stiki.

Stiki ya namba saba ndiyo inayomtesa kuliko zote. Ni chuma kitupu, laini, na alama zake mbili, ya chini na ya juu, zimefutika kwa miaka ya kufutwa. Oili ikiwa mpya ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa haina rangi, na juu ya chuma inapotea kabisa.

"Siku nyingine naipaka unga wa chaki kwanza, ili oili ikigusa chaki ibadilike rangi. Siku nyingine naigeuza juani mpaka shingo inauma. Nikimaliza naandika kwenye daftari kwamba ipo sawa, halafu nafika nyumbani sina amani. Najiuliza, hivi kweli niliona oili au niliona jasho langu?"

Hayo yote angeyavumilia, anasema, kama asingekuwa na jirani.

Jirani huyo ni wifi yake, dada wa mumewe. Wanaishi nyumba moja, wanatumia jiko moja, na asubuhi wanapita geti moja. Miaka minane iliyopita wifi huyo aliachika akarudi nyumbani na sanduku moja, na Mama Stiki ndiye aliyemwombea kazi kwa bosi. Akamfundisha kwa miezi minne namna ya kufuta, kuhesabu na kugeuza.

Kisha bosi akaigawa yadi. Malori namba moja hadi namba saba yakawa ya mwalimu, na namba nane hadi kumi na moja yakawa ya mwanafunzi.

"Mimi saba, yeye nne, mshahara mmoja. Nikanyamaza. Nikasema ni wifi yangu, amepitia mengi."

Kilichomshinda kunyamazia ni stiki ya namba tisa. Lori hilo lilibadilishiwa injini miaka miwili iliyopita, wakati Mama Stiki alikuwa likizo akimuuguza mumewe. Injini ile ilikuja na stiki yake: ncha ya plastiki ya njano, yenye mistari iliyokatwa kama wavu, na vitobo viwili. Kitobo cha chini kikijaa oili, ipo. Cha juu kikijaa, imetosha. Hata mtoto wa chekechea angeisoma.

"Anaichomoa mara moja, anaangalia mara moja, anaandika, anakwenda kunywa chai. Mimi niko juu ya bampa ya saba na chaki puani. Halafu anaweka kikombe kwenye bampa ya tisa ananiuliza, 'Wifi, bado tu?'"

Mwandishi anamuuliza kama hiyo ilikuwa changamoto kubwa kwake kikazi.

"Usiniremberembe," anajibu. "Usiandike changamoto. Andika wivu. Nilikuwa na wivu mpaka maziwa yananichachia mdomoni. Niliionea gere ile stiki kuliko mwanamke anavyoionea nyumba ya mwenzake. Nilikuwa nikipita karibu na tisa nageuza uso."

Nyumbani mambo hayakuwa nafuu. Mama mkwe alikuwa na mazoea ya kuitazama mikono yao mezani. Ya bintiye ilikuwa safi, ya mkwewe ilikuwa na weusi kwenye kucha. Akawa anasema, kwa upole kabisa, kwamba kuna watu wanajua kufanya kazi bila kujichafua.

"Nilitaka kumwambia, mama, hiyo mikono ni safi kwa sababu stiki yake inasomeka! Lakini utamwelezaje mama mkwe habari ya stiki? Nikameza tonge."

Mwaka huu ukaja uvumi ambao baadaye ukawa tangazo. Yadi ilikuwa inanunua malori mapya sita, na mpimaji mmoja kati ya wale wawili angekabidhiwa hayo peke yake, pamoja na mafunzo na mshahara ulioongezwa kwa robo. Bosi alisema atachagua siku ya Ijumaa, kwa kuangalia daftari la kila mmoja na hali ya injini zake.

Jumatatu ya wiki hiyo, Mama Stiki alifika yadini kabla ya wifi yake. Alifungua boneti ya namba tisa, akachomoa stiki ya njano, akaiweka namba saba. Ile kipofu ya namba saba akaitia kwenye tisa. Mabomba yalikuwa na upana mmoja, stiki zikaingia bila kulalamika.

Wifi yake alipofika na kushtuka kuona chuma kitupu, jibu lilikuwa tayari.

"Nilimwambia, 'Stiki yako ilikuwa imepinda, wifi, nimeipeleka ikanyooshwe. Tumia hii ya stoo kwanza.' Unajua alisema nini? Alisema, 'Asante, wifi, wewe unanifikiria.' Neno hilo lilinikaa hapa." Anajigonga kifuani kwa ngumi iliyoshika fulana.

Lilimkaa, lakini halikumzuia. Anakiri kwamba siku nne zilizofuata zilikuwa tamu. Kila asubuhi wifi yake alikuwa akija na ile stiki mkononi, ameitanguliza mbele kama mgonjwa anayeonyesha kidonda, akiomba asomewe, kwa kuwa yeye haoni kitu. Naye Mama Stiki alikuwa akiichukua, akiigeuza, akiinamia taratibu kuliko ilivyohitajika, kisha akimwambia: "Imejaa. Andika."

Namba saba nayo, kwa mara ya kwanza, ikasomeka. Tatizo ni kwamba kila ilichosema kilikuwa kibaya. Kitobo cha chini kilikuwa kitupu. Akaongeza lita mbili. Kesho yake akaongeza moja na nusu. Aliumia sana, maana aliamini kwamba miaka yote ile alikuwa akiisoma vibaya na stiki ya wifi ndiyo iliyomfumbua macho.

Alhamisi jioni dereva wa namba saba alirudi na moshi wa bluu nyuma ya lori, oili ikimwagika kwenye sili, ile mipira inayoziba injini isivuje. "Mama Stiki, umeipa nini hii? Inatapika," alimwambia.

Ijumaa asubuhi, malori yakiwa yamewashwa kutoka, dereva wa namba tisa alichungulia dirishani akasema kama mtu anayetania: jana akipanda mlima, taa nyekundu ya oili ilikuwa inamkonyeza. Wifi akamwambia asiwe na shaka, oili imejaa, Mama Stiki mwenyewe ameisoma. Dereva akaingiza gia akaelekea getini.

"Hapo ndipo nilipopata akili," anasimulia. "Saba inatapika, tisa ina kiu. Nilijua kabla sijapima. Injini mpya ya tisa haikuwa sawa na ya saba, na stiki yake ilikuwa fupi. Mimi sikuwepo walipoibadilisha. Nilizitazama zile stiki kwa wivu miaka miwili, sikuwahi hata siku moja kuzilaza pamoja."

Zilipishana kwa upana wa kidole kimoja. Stiki fupi ndani ya saba ilikuwa inasema oili haipo wakati ipo. Stiki ndefu ndani ya tisa ilikuwa inasema imejaa wakati inakwisha.

Alikuwa na muda wa kunyamaza. Daftari la namba tisa lilikuwa na saini ya wifi yake. Injini ingegoma mlimani na lita elfu kumi za maji mgongoni, na kabla ya jua kuzama bosi angemkabidhi malori mapya mtu mwingine. Mtu mwingine huyo angekuwa Mama Stiki.

"Nisikudanganye, niliwaza hivyo. Niliwaza kabisa. Lori lilikuwa limefika kwenye pipa la takataka pale, mimi bado nawaza. Kisha nikamwona wifi anapunga mkono kumuaga dereva, amefurahi, hana habari. Ndiyo nikakimbia."

Madereva bado wanamwigiza mbio zile, kiatu kimoja mguuni na kingine kimebaki kwenye bampa. Alisimama katikati ya geti, akapiga kelele injini izimwe. Palepale, mbele ya bosi, madereva na wifi yake, akasema lililokuwa limefanyika na sababu yake. Hakusema kwamba alichanganya kwa bahati mbaya, ingawa anakiri sentensi hiyo alikuwa nayo mdomoni.

Namba tisa ilipopimwa kwa stiki yake halisi, ncha ilitoka kavu.

Saa nne asubuhi bosi alimkabidhi wifi malori mapya. Mama Stiki alipewa barua ya onyo ya mwaka mzima. Nyumbani, wifi yake hakusema naye kwa siku kumi na moja. Wakiwa meza moja, alikuwa akimgeukia mama yake: "Mama, mwambie huyo mtu asogeze chumvi."

"Na mama mkwe ananiambia kweli, 'Umeambiwa usogeze chumvi.' Mimi na chumvi iko mbele yangu! Siku ya kumi na mbili wifi alinikuta nafua, akachukua ndoo ya pili akaanza kusuuza. Akaniuliza kitu kimoja tu: 'Wifi, kwa nini hukuniomba?' Labda ningeomba angenipa. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi."

Miezi mitatu imepita. Wifi alipohamia upande wa malori mapya, yale manne ya zamani yalirudi kwa Mama Stiki, namba tisa ikiwemo. Sasa stiki ya njano ni yake. Anaionyesha, anaigeuza, oili imekaa kwenye kitobo cha juu kama ilivyopaswa. Imechukua sekunde chache.

Je, moyo umetulia?

Anacheka, kisha anaelekeza kidevu upande wa pili wa yadi, yalipo malori meupe sita. Ndani ya moja wifi yake amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, kikombe cha chai mkononi. Anabonyeza kitufe. Skrini ndogo inawaka.

"Yale hayana stiki kabisa," anasema Mama Stiki. "Hata bomba hayana. Lori lenyewe linamwambia, oili ipo, endelea kunywa chai. Mimi nimepata stiki nzuri, na yeye hana haja ya stiki. Sasa hapo nitulie vipi?"

Hata hivyo hajakaa bure. Kwa ruhusa ya bosi, ametumia tupa na kidrili kutoboa vitobo kwenye stiki tisa za zamani, kila moja baada ya kuipima upya na kuiandika namba ya lori lake kwa msumari, ili zisichanganywe tena na mtu yeyote, yeye akiwa wa kwanza. Imebaki ya namba saba. Anasema anaiogopa kidogo.

Mwakani yatakuja malori mengine manne yenye skrini, na barua yake ya onyo itakuwa imekwisha miezi miwili kabla. Ameshazihesabu siku. Ili awe tayari, alipiga moyo konde wiki iliyopita akamwomba wifi yake amfundishe. Safari hii aliomba.

Wifi alikubali kwa sharti moja, kwamba aje mikono mitupu.

Somo la kwanza ni leo. Saa moja na nusu, malori ya zamani yakiwa yameshatoka, Mama Stiki ananawa kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko, anavuka yadi na kusimama chini ya mlango wa lori jeupe. Wifi yake anamtazama kutoka juu.

Mama Stiki anakunja mikono ya shati, anainua viganja vyote viwili na kuvigeuza taratibu, upande huu, kisha upande ule.

Wifi anavitazama pande zote mbili. Kisha anasogea kwenye kiti, anampisha.