Baba Alivyosukuma Baiskeli

Juzi pale Kambarage nilimwona baba mmoja akisukuma baiskeli, binti yake amejikunja kwenye keria, nikarudi utotoni Mhunze.

Mchana mmoja huko tumbo lilinikata tena, baba akanipeleka zahanati. Daktari, mikono ikinuka spiriti, alinibonyeza, kisha akamwambia baba, "Hata safari hii vipimo havionyeshi kitu." Baba akanipakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka nyumbani, ikilia tik-tik-tik.

"Baba, mbona hupandi?"

"Nataka tupige stori, ng'wanone, mwanangu."

Nilifurahi mno, nikaomba kimoyomoyo daktari asione kitu hata tukirudi mwezi ujao, ili tupige stori tena.

Ugonjwa huu wa tumbo mpaka leo haujapewa jina. Nilichokuja kujua ni kwamba barabara ile ilikuwa mashimo matupu, na baba hakutaka hata moja linitikise tumbo.