Breki ya Pili

Mguu wa kushoto wa yule mwalimu wa udereva ulikuwa wa kutembelea tu. Wa kulia ndio uliokuwa ukifundisha. Gari lake la mafunzo lilikuwa na breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine mbele ya kiti cha mwalimu, na zote ziliungwa na waya mmoja chini ya sakafu. Ukikanyaga hii, ile nayo inazama. Mwanafunzi akikosea, mguu unashuka, gari linasimama ghafla, vichwa vinatupwa mbele. "Rudia," atasema mwalimu, na somo likiisha, "Shuka." Maneno mawili, basi. Wanafunzi wakambatiza Breki, na jina likamganda mpaka kwa wenye shule.

Mwenyewe alijiona kidume. Gari lake halikuwahi kugusa hata ndoo ya mtu. Akiulizwa kwa nini haelezi, alijibu kwamba gari haliendeshwi kwa mdomo, huku akimtupia jicho mwalimu wa gari la pili, mama mmoja mnene mchangamfu aliyeitwa Mama Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mama Redio alifundisha kwa kuuliza. Umeona nini? Na nyuma yako je? Yule mzee kando ya barabara unadhani anataka kufanya nini? Mwanafunzi alijibu huku anaendesha, na asipokubaliana naye aliruhusiwa kubisha, hivyo ndani ya gari lile kulikuwa na kelele za saluni siku ya Jumamosi. Breki aliuona huo ni upuuzi mtupu.

Mwenye duka moja la dawa alijifunza kwa Breki, akapata leseni kwa bahati, akanunua gari. Kwenye makutano ya kwanza aliona lori, akasubiri mguu uje. Mguu haukuja. Walipomtoa kwenye dirisha la duka la vitanda alikuwa bado anakitazama kiti kitupu cha pembeni. Breki aliposimuliwa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mtu mwenye akili zake angejiuliza swali pale pale, lakini kujiuliza nako ni mazungumzo, na yeye mazungumzo hakuyataka hata na nafsi yake.

Basi alikuwa na binti mmoja, mtoto wake wa pekee. Binti alifungasha mikate kiwandani, na siku moja msimamizi akamwambia dereva wa gari la kusambaza anaacha kazi; akileta leseni kabla ya mwisho wa mwezi, ufunguo ni wake. Alirudi nyumbani anakimbia. Nani wa kumfundisha kama si baba? Breki naye alifurahi, sitamnyima haki yake. Aliliosha gari mwenyewe asubuhi ile, akampangusia kiti.

Furaha ikaishia hapo. Binti alikuwa mtu wa kuuliza tangu utotoni. Kila gari liliposimamishwa ghafla aligeuka.

"Nimekosea nini, baba?"

"Rudia."

Akarudia, bila kujua anarudia nini ili kuacha nini. Wiki zikapita. Usiku mama yake alimkuta jikoni amekaa na sinia mikononi, analizungusha polepole kushoto na kulia.

Kisha ikaja siku ya mteremko. Mbele yao alikuwepo mtu wa baiskeli amebeba trei za mayai, anayumba. Binti alimwona mapema, akaanza kupunguza mwendo. Mguu ukashuka. Gari likazimika katikati ya barabara, na honi zikaanza kuwatukana kutoka nyuma.

"Nilimwona, baba," alisema binti. "Nilishaanza kukanyaga."

Na hapa ndipo ninapomkasirikia mtu huyu, maana alijua ni kweli. Breki yake ilikuwa imezama chini ya soli ya kiatu chake kabla hajaigusa kwa nguvu. Waya ule ulimwambia. Kilichotakiwa ni neno moja tu, la kukiri, na lingemgharimu nini?

"Shuka," akasema.

Binti akashuka kweli. Aliuacha mlango wazi, akavuka barabara, akaenda nyumbani kwa miguu. Kazi ya gari la mikate akapewa mwingine.

Tangu hapo nyumba ikawa na adabu ya kutisha. Shikamoo baba ilikuwepo kila asubuhi, chakula kiliwekwa mezani kwa mikono miwili, na zaidi ya hayo hakuna. Mkewe alimsihi azungumze na mtoto. Akajibu kwamba atapoa mwenyewe. Binti akapoa kweli, akawa baridi kabisa.

Siku moja Breki amekaa kwenye uwanja wa shule akisubiri mwanafunzi, gari la Mama Redio likapita vioo vikiwa chini. Kwenye usukani alikuwa binti yake.

"Naona mpira," binti alikuwa akisema, "kwa hiyo mtoto yuko nyuma yake. Napunguza." Mama Redio akamuuliza, na mtoto asipotokea je, na binti akajibu kitu, wote wawili wakaangua kicheko.

Roho ilimuuma Breki kuliko alivyotarajia. Hakuwa amejua kwamba mtoto wake ana maneno mengi kiasi kile. Leseni ilipatikana kwa mtihani mmoja, na habari aliipata kwa mkewe.

Miaka ya kukanyaga ikamlipa kwa goti. Lilivimba likakataa kukunjika, na wenye shule wakampumzisha, neno tamu la kumfukuza mtu. Wakati huo binti alikuwa dereva wa kampuni ya dawa za hospitali. Mama yake ndiye aliyemwomba ampeleke baba kliniki.

Breki alijiandaa usiku kucha. Yule wa baiskeli ulimwona, mwanangu. Aliirudia sentensi ile kitandani mpaka mkewe akamwuliza anasali nini.

Ndani ya gari binti alitazama vioo, akafunga mkanda, akaondoka. Aliendesha vizuri mno, na Breki alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Walipokaribia kivuko cha waenda kwa miguu akafungua mdomo aseme. Papo hapo mwanamke mwenye beseni akaingia barabarani. Gari lilikuwa limekwishaanza kupungua taratibu, lakini lile goti bovu liliruka lenyewe, na kiatu kikapiga zulia mahali ambapo hapakuwa na breki yoyote.

Binti akaukodolea macho ule mguu.

"Nilimwona," akasema, akaendelea na safari.

Mbele ya lango la kliniki alivuta breki ya mkono. Breki akaanza, "Mwanangu, siku ile, yule wa baiskeli..."

"Shuka."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema hivyo hivyo alivyofundishwa. Baba yake akafungua mlango, akatanguliza mguu wa kushoto.