Siku Niliyomwitikia Mama Marahaba

Siku yangu ya kwanza kazini, katika wodi ya wanawake mjini Tanga, Sista Mkuu alinipokea kwa swali: "Umeshawaamkia?" Nikarudi mlangoni nikaanza upya, shikamoo kitanda hadi kitanda. Miaka ile hata glavu tulizichemsha, tukazipaka poda na kuzivaa tena. Salamu tu ndiyo haikuadimika.

Nilipohamishiwa zahanati ya Pongwe, maduka yalikuwa yameanza kujaa na foleni za sukari zimekwisha. Nikahamia huko na mama yangu, na huko ndiko alikoanza kusahau. Kwanza funguo, kisha njia ya sokoni, kisha mimi. Siku hizi mnaita demensia. Sisi tulisema uzee umemzidi.

Akili yake ilirudi usichanani. Kila asubuhi alinipigia goti: "Shikamoo, dada." Mimi, mtoto wa kumzaa, ningeitikiaje?

"Astaghfirullah, mama, shikamoo wewe."

Alinitazama kwa woga, akafunga mdomo, uji ukapoa. Siku ya nne bila kula, hakuweza kusimama. Niliogopa, siwafichi. Nikampeleka kwa Sista Mkuu wangu wa zamani.

"Kesho tutampitishia mpira wa kulishia puani," alisema.

Mama akamwamkia naye. "Shikamoo ni yako, bibi," Sista akamsahihisha. Mama akainamisha kichwa. Ndipo nikaelewa. Kwetu mkubwa asipoitikia shikamoo, huwa amekasirika. Siku zote zile mama alidhani ana kosa, na sisi tumekataa kumsamehe.

Nikamshika mkono. "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"We, unaitikia shikamoo ya mamako?" Sista aling'aka.

Mama akainua uso. "Nimeamka salama, dada. Nina njaa."

Alikunywa vikombe viwili vya uji. Sista Mkuu, ambaye sikuwahi kumwona akibadili amri, alikitazama kikombe kitupu, kisha akaninong'oneza: "Mwitikie tena."

Mpira haukupita puani kwa mama yangu. Nilimwitikia miaka sita, akanenepa, akaimba, akanisengenyea wasichana wenzake ambao wote walikuwa marehemu. Majirani walisema nimekosa adabu. Waache waseme, mama aliondoka duniani ameshiba, akijua kwamba hakuna aliyemkasirikia.

Sasa nimestaafu, na wiki iliyopita nilitafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Basi, wauguzi vijana, nawaachia kazi moja. Siku nitakayowapigia goti na kuwaamkia, msinisahihishe. Niitikieni, kisha mnipe uji.